Ekari moja ya pimbi

Wengi wenu nikiweka picha ya pimbi huwa mnauliza maswali mawili tu, kwanza kama huyo ni panya mkubwa, pili kama analiwa. La kwanza nishajibu mpaka nimechoka, huyo si panya, ndugu zake wa karibu ni ndovu na nguva, na mimba yake inakaa miezi saba hivi wakati panya ni wiki tatu na kitu. La pili tafadhali muulize mtu mwingine. Lakini juzi binamu yangu wa Kisumu akanitumia swali la tatu, na enyewe ndilo zuri kuliko hayo mengine: "Sasa hao pimbi wenu wa Nakuru huwa wanatembea mpaka wapi?"

Jibu la haraka ni ekari moja. Kuna mtafiti, Hendrik Hoeck, aliyewafuata pimbi wa Serengeti miaka ya 1970 kwenye vile vilima vya mawe vinavyochomoza katikati ya nyasi, na alipata kwamba eneo la makazi la pimbi wa mawe kwa wastani ni mita za mraba 4,250, na la mwenzake mdogo, pimbi wa vichaka, ni 2,100. Hiyo 4,250 ni ekari moja na chenji kidogo. Sisi wa Nakuru ambao kila kitu tunakipima kwa ploti ya futi 50 kwa 100, hesabu inakuja ploti tisa, na huyo mdogo nne na nusu.

Sasa ukisikia hivyo unaona ni kitu rahisi, si tuwaachie ploti tisa maisha yaendelee. Haiko hivyo bana. Nunua ploti tisa zimeshikana kule mtaa wa Free Area, otesha nyasi safi, piga fensi, zuia mbwa, na hutaona pimbi hata mmoja mpaka uzeeke, juu ile ekari ni kipimo cha ukubwa tu, haikuambii ndani yake kuna nini na mwenyewe anakitumia vipi. Na hapo ndipo watu wengi tunapotea tukianza kuongea mambo ya kuwaachia wanyama nafasi, tunahesabu ekari.

Angalia pimbi mwenyewe. Ukiingia Hifadhi ya Ziwa Nakuru ukapanda mpaka Baboon Cliff asubuhi utawakuta wamelala juu ya mawe wamegandana, na watalii wanadhani ni uvivu. Si uvivu, huyu mnyama mwili wake haushiki joto vizuri, baridi ya usiku ikimpata inabidi aanze siku kwa kuota jua, halafu jua likikaza saa sita inabidi aingie kivulini, kwa hivyo jiwe kwake ni kitanda na ni jiko na ni friji. Wanasema asilimia 95 ya siku yake amepumzika tu. Kula ni mara chache, kundi linashuka pamoja, linakula haraka haraka, na mara nyingi hawaendi mbali na mawe, mita makumi tu, juu miguu yao ni mifupi na tai mweusi yuko juu anazunguka. Huyo tai chakula chake karibu chote ni pimbi, hana habari na vitu vingine. Kwa hivyo kuna mmoja wao amekaa juu kabisa akiangalia, akipiga kelele wote wanarudi mbio, na zile nyayo zao zina unyevu na ni laini kama mpira, zinashika jiwe hata likiwa wima.

Kwa hivyo ile ekari moja ukiichora vizuri kwenye karatasi si duara la kijani. Ni mawe katikati yenye nyufa za upana fulani, si kila ufa unafaa, ule mpana sana chui ama nyoka mkubwa anaingia. Kando yake kuna ukanda mwembamba wa nyasi ambao wanathubutu kuukanyaga. Halafu kuna choo. Pimbi wana choo kimoja cha familia, mahali pale pale, vizazi na vizazi, ndio maana unaona yale madoa meupe yameteremka kwenye mwamba, hayo ni mabaki ya mkojo. Kule Afrika Kusini kuna vyoo vya pimbi vimekusanya uchafu kwa makumi ya maelfu ya miaka, na wanasayansi wanavikata kama keki kusoma chavua za maua za zamani ili wajue mvua ilikuwa inanyesha vipi. Fikiria familia ambayo haijabadilisha choo tangu kabla watu waanze kulima, halafu mtu anakuambia kwari ya mawe ikifunguliwa hapo hao "watahamia tu pale ng'ambo".

Nitarudi kwa hilo la kuhamia, juu ndilo linaniudhi kuliko yote.

Lakini kwanza hii habari ya eneo la makazi yenyewe. Mwaka 1943 Mmarekani anaitwa William Henry Burt aliandika makala ambayo mpaka leo kila mtu kwenye hii fani anaitaja, akasema eneo la makazi la mnyama ni lile analozunguka kwa shughuli zake za kawaida, kutafuta chakula, kutafuta mwenzi, kulea watoto, na zile safari za mara moja moja za kwenda nje hazihesabiwi. Mama yangu anaishi Njoro, siku zake ni nyumbani, shambani, sokoni, kanisani. Mara moja moja kukiwa na matanga anapanda matatu mpaka Kakamega analala huko anarudi. Ukimwekea GPS ukachora kila mahali alipofika utasema huyu mama eneo lake linafika Kakamega, na utakuwa umepima matatu, si mama. Burt alitenganisha pia eneo la makazi na himaya. Himaya ni ile sehemu mnyama anaipigania, ukiingia mnapigana. Eneo la makazi linaweza kuingiliana na la jirani bila shida yoyote, wanapitana tu kwa saa tofauti. Kuna wanyama ambao vyote viwili ni kitu kimoja, na kuna wengine hawana himaya kabisa.

Kupima hii kitu kwa mnyama mdogo ni kazi ya mkono sana. Ndovu unamvisha kola kubwa yenye batri ya miaka, unakaa ofisini unaangalia kwenye laptopu. Panya wa shambani ana gramu 50 hivi, na kanuni ambayo watafiti wengi wanaifuata ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, maana yake gramu mbili na nusu. Batri ya gramu mbili itadumu kiasi gani? Ndio maana kwa muda mrefu walitegemea mitego, vile visanduku vya bati vinavyoitwa Sherman, unatia ndani oti na siagi ya karanga, unavipanga mistari kwenye nyasi kila mita kumi, asubuhi unazunguka kabla jua halijapiga bati juu ukichelewa umewachoma, unamtoa, unamwekea alama, unaandika ni mtego gani, unamwachilia. Akinaswa tena mahali pengine una nukta ya pili. Na kadhalika. Shida ni kwamba unajua alikonaswa, hujui alikopita, halafu kuna panya wengine wanazoea mtego, wanajua hapo kuna karanga ya bure, kila usiku yuko ndani anakungojea.

Kwa wale wakubwa kidogo kuna kola za redio, mtu anatembea usiku na antena mkononi kama wale jamaa wa kutafuta mawimbi ya televisheni juu ya paa zamani, anasikia mlio, anaandika upande, anakimbia upande mwingine anaandika tena, mistari ikikutana hapo ndipo mnyama alipo. Wengine wanampaka mnyama unga unaowaka chini ya taa ya urujuani, usiku wanafuata alama zake kwa tochi.

Lakini ile naipenda mimi ni ya uzi. Unachukua kibunda kidogo cha uzi kile kinachofunguka kutoka ndani, unakigundisha kwenye manyoya ya mgongo, ncha ya uzi unaifunga kwa mti, unamwachilia. Anatembea uzi unatoka. Asubuhi unaufuata na unaona kila kitu, alipanda huu mti, akapita juu ya hili tawi, akaingia chini ya hili gogo akazunguka mara mbili, akaruka hapa, hapa hakukanyaga kabisa ingawa ni karibu. Baada ya siku chache kile kibandiko kinatoka chenyewe. Hakikupi ukubwa wa eneo lote, uzi unaisha, lakini kinakuonyesha vile mnyama anatumia mahali, na mimi nikiwekewa hizo mbili mezani nichague moja nachukua uzi.

Juu hesabu ya ukubwa yenyewe ina ujanja mwingi. Njia ya zamani ni kuchukua nukta zote ukaunganisha zile za nje kabisa, ukapata umbo, ukapima ndani. Jaribu hiyo na sungura anayekula kando ya Ziwa Nakuru. Nukta zako zitazunguka ghuba, ukiunganisha za nje utapata sungura ambaye theluthi ya eneo lake ni maji ya magadi. Ndio wakaja na hesabu nyingine inayoangalia nukta zimekaribiana vipi, halafu inachora mahali ambapo kuna uwezekano wa asilimia 95 wa kumpata mnyama, na ndani yake mduara mwingine wa asilimia 50, ule wa moyo wa eneo. Ule wa ndani ukiuangalia kwa wanyama wengi wadogo unashtuka, ni kitu kidogo sana, kichaka kimoja, kichuguu kimoja, ukingo wa mto. Nusu ya maisha yake iko hapo.

Na kuna jambo lingine Douglas Johnson aliandika mwaka 1980, kwamba mnyama anachagua kwa ngazi. Kwanza ni mahali gani duniani aina yake inapatikana, pili ndani ya hapo yeye anaweka wapi eneo lake, tatu ndani ya eneo anatumia vipande gani zaidi, nne ndani ya kile kipande anaokota nini. Pale Serengeti pimbi wa mawe na pimbi wa vichaka wanaishi kwenye kilima kimoja, asubuhi wanaota jua wamelaliana, mashimo ni yale yale, kwa hiyo ngazi tatu za kwanza ukiziangalia utasema hawa ni kitu kimoja. Ni ya nne inawatenganisha, huyu anakula nyasi zaidi, yule majani ya miti. Ukienda pale na tepu ya kupimia peke yake hiyo hutaiona.

Chakula chenyewe kinaamua mengi. Brian McNab aliandika mwaka 1963 kwamba mnyama mkubwa anahitaji eneo kubwa, hiyo hata mtoto angekuambia, lakini akaongeza kwamba wale wanaowinda chakula kilichotawanyika wanahitaji eneo kubwa kuliko wale wanaokula majani yaliyo mbele ya mdomo, hata kama uzito ni ule ule. Mfano tunao hapa hapa. Pimbi ana kilo tatu nne, ekari moja imemtosha. Nguchiro wale wenye milia mgongoni hawafiki hata kilo mbili, na kundi lao linazunguka mchana kutwa likichimba mende na jongoo, kilomita kadhaa kwa siku, leo wanalala shimo hili kesho kutwa lile, eneo lao ni makumi ya hekta. Na wale nguchiro wadogo kabisa, kitafe, ambao hawazidi gramu 400 hivi, eneo lao linaamuliwa na vichuguu. Kichuguu ndio nyumba, ndio mahali pa kukimbilia tai akija, ndio mahali pa mlinzi kusimama. Sawazisha vichuguu vyote kwa trekta ukaacha nyasi na wadudu vile walivyo, umewafukuza.

Fuko sasa. Fuko ndiye anayenipa kazi ya kuelezea kuliko wote juu eneo lake liko chini ya viatu vyako. Njoro, Molo, Mau yote ile ya viazi na karoti, kila mtu ana hadithi ya fuko. Yule wetu anachimba kwa meno, zile jino za mbele ziko nje ya midomo ili akifunga mdomo udongo usiingie, na anaishi peke yake, kila mmoja na mahandaki yake, na hapo hakuna cha kuingiliana na jirani, himaya na makazi ni kitu kimoja. Kuna chumba cha kulala, kuna akiba ya mizizi, kuna choo, na njia za kutafuta chakula zinazoenda kila upande chini tu ya mizizi ya mimea. Ule udongo unaona juu umetupwa vifungu vifungu ndio ramani yake, kwa wale hawana pesa ya kola.

Jirani ya mama ni shosho mmoja anayelima viazi, na fuko alimfanyia ubaya kweli, laini nzima unavuta majani inatoka bila kitu chini. Nikaenda kumwangalizia.

"Shosho, hizi zote ni fuko mmoja."

"Mmoja? Anakula gunia?"

"Ni mmoja. Angalia vifungu vimefuatana mpaka pale kwa ndizi."

"Kijana wangu, huyo mmoja nilimshika Jumanne. Mzee aliniwekea mtego wa kamba na fimbo, fuko akaruka juu nikamuona na macho yangu."

Na hapo kusema ukweli ndipo penye somo lote la fuko. Yule wa Jumanne alishikwa, ndio, lakini mahandaki yalibaki, yamechimbwa, yamenyooshwa, yanafika kwenye viazi, na kuna kijana wa fuko mahali amefukuzwa na mamake hana kwake. Kwa mnyama ambaye kila mita ya njia ameilipia kwa meno, handaki tupu ni mali. Nikamwambia shosho asipobomoa njia zenyewe atakuwa anapangisha tu, huyu anatoka yule anaingia. Akacheka akasema basi angalau walipe kodi.

Panya wa shamba ndio tofauti kabisa, wale wenye matiti mengi, jike anaweza kuwa na matiti mpaka 24 na kuzaa watoto kumi na kitu kwa mara moja. Hao eneo lao ni dogo na halina ugomvi, wanaingiliana hivyo tu, na idadi inafuata mvua, mvua ikiwa nzuri mbegu zikiwa nyingi wanalipuka. Wakulima wa mahindi kuanzia Nakuru mpaka Trans Nzoia wanawajua kwa ile tabia ya kufukua mbegu kabla hazijaota. Ukivuna ukasafisha shamba, kile kifuniko chao kimeenda, ndio unaona ghafla wako stoo, watu wanasema mwaka huu panya wamezidi, na pengine idadi ni ile ile, wamepoteza tu mahali pa kujificha nje. Na mwezi ukiwa mkubwa hutawaona wengi wakitembea wazi, wanyama wengi wadogo wa usiku wanaogopa mbalamwezi juu bundi anaona vizuri, kwa hivyo hata eneo lile lile linapanuka na kusinyaa ndani ya mwezi mmoja. Ukipima giza pekee ama mbalamwezi pekee umepata nusu ya habari.

Huyo binamu yangu naye nilimwambia kwao Kisumu kuna mambo mazuri zaidi kuliko pimbi. Kuna ndezi. Ndezi anaishi kwenye mafunjo ya ziwani na kwenye miwa, Miwani, Chemelil, Muhoroni kote huko, ni mnene, manyoya magumu, na anapita kwenye vijia vyake ndani ya nyasi ndefu, unavijua kwa vipande vya mabua vilivyokatwa mshazari vikaachwa vimelala. Anapenda kukaa karibu na maji na hapendi kutoka wazi. Sasa shamba la miwa likikomaa, likachomwa, likakatwa, ndani ya siku mbili tatu makazi yake yote hayapo. Ekari ziko pale pale! Hakuna mtu ameziiba. Hati ya shamba ni ile ile, ramani ni ile ile, na mnyama hana pa kuweka mguu. Watu wa huko wanajua, ndio maana siku ya kukata miwa vijana na mbwa wanasimama mwisho wa shamba, hao hawajasoma kuhusu matumizi ya makazi mahali popote na wanaielewa kuliko mimi.

Ukitoka hapo ukaenda Kakamega jambo linahamia juu kwenye matawi. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha ule msitu mkubwa wa mvua wa Kongo, na ndani yake kuna poto, mnyama wa usiku mwenye macho makubwa na mkia mfupi, mwendo wake wa pole pole. Komba akikuta pengo kati ya miti anaruka. Poto haruki, yeye lazima ashike tawi la mbele kabla aachilie la nyuma. Kwa hivyo barabara ambayo kwa komba ni kitu cha sekunde moja, kwa poto inaweza kuwa ukuta, isipokuwa matawi yagusane juu. Sehemu moja, miti ile ile, wanyama wawili wa usiku walio na ukoo wa mbali, na kila mmoja ana ramani yake. Pale Kisere na Malava ambapo msitu umebaki vipande vimetengana na ule mkubwa kwa mashamba, sidhani unahitaji mtu akueleze nani amefungiwa ndani.

Sasa ile ya "watahamia". Tangu 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda vibaya, geti kuu la zamani likamezwa, ile migunga ya manjano ya kando ya ziwa ikasimama kwenye maji mpaka ikakauka. Watu waliongea sana juu ya flamingo na vifaru, na ni sawa, lakini chini ya hiyo migunga kulikuwa na panya, sungura, kanu, nguchiro, kila mmoja na njia zake. Nilisikia mtu akisema kwani shida iko wapi, hifadhi ina kilomita za mraba 188, wasonge juu. Wasonge juu wapi? Kule juu kuna wenyewe. Kila kichaka kizuri kina mtu, kila shimo lina mwenyewe, na mnyama aliyetolewa kwake anaingia mahali hajui shimo liko wapi, hajui maji yako wapi, hajui tai anatokea upande gani, na kila anayekutana naye anamfukuza. Madume vijana wa pimbi wakifukuzwa kwao ndio wakati tai anakula vizuri. Nafasi kwenye ramani na nafasi ya kuishi ni vitu viwili, na mimi naona ripoti nyingi za ujenzi hapa kwetu zinahesabu ya kwanza tu, wanaandika wanyama wadogo wataondoka wenyewe kwenda maeneo jirani, nukta, ukurasa unaofuata.

Mjini hatuna cha kujitetea zaidi. Zamani mitaa mingi ya Nakuru ilikuwa na ua wa kayaba, ile ya miiba, ama lantana, na kila ua ulikuwa na dunia yake chini. Kalunguyeye analala hapo mchana, usiku anatoka anazunguka ploti baada ya ploti akiokota konokono na mende. Siku hizi kila mtu akipata pesa anang'oa kayaba anaweka ukuta wa mawe mpaka chini, chupa zilizovunjwa juu. Kwa usalama naelewa, hata mimi nimeibiwa. Lakini kalunguyeye ambaye alikuwa na ploti kumi za kuzunguka sasa ana moja na barabara, na ile anayochagua unajua, unamkuta asubuhi amelala lami. Uingereza walishaona hii, watu wanatoboa fensi zao tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ili kalunguyeye wa huko wapite, majirani wanaunganisha mtaa mzima.

Nikampelekea hiyo habari mzee wa ploti ya nyuma yetu alipokuwa anajenga.

"Yaani nitoboe ukuta wa pesa yangu juu ya kalunguyeye?"

"Mzee, si kutoboa, ni kuacha tu jiwe nusu pale chini. Na maji ya mvua yatapita hapo."

"Maji yatapita?"

"Yatapita."

Hiyo ya maji ndiyo ilimgusa. Fundi akaacha tundu, akaweka nondo moja katikati mbwa asiingie. Mimi nikamwaga majivu ya jiko upande wetu nikayasawazisha, hiyo ndiyo njia ya bure kabisa ya kujua nani anapita kwako na hata wewe unaweza kuanza nayo leo, majivu ama mchanga laini, jioni unasawazisha, asubuhi unapiga picha kabla kuku hawajatoka. Kwanza zilikuja za paka, nyingi mpaka nikakata tamaa kidogo, halafu panya, halafu zile ndogo za kalunguyeye, zinazotembea kama mtu mzito. Zinaingia kwa mzee zinatoka kwetu, na zinapita kando ya ukuta tu, hazijawahi kukata katikati ya kiwanja. Mzee ameshaniuliza mara kadhaa kama nimeona nyayo za fuko, juu anataka kupanda viazi.